Jonalyn Sumagaysay na Gauni la Desemba

Wasifu wa marehemu Jonalyn Palmares Sumagaysay
Alizaliwa 14 Machi 1990, akafariki 8 Oktoba 2019
Unasomwa na wifi yake, Hélène Kisimba, makaburini Johannesburg, Jumamosi tarehe 19 Oktoba 2019

Ndugu na jamaa, majirani wa Bertrams, wafanyakazi wenzake wa Newtown, nanyi mliovuka bahari kuja kumzika, asanteni kwa kufika. Mimi ni Hélène, fundi cherehani, dada mkubwa wa Firmin. Firmin ndiye aliyekuwa afunge ndoa na marehemu tarehe 14 Desemba mwaka huu. Familia imenipa kazi ya kusoma kwa sababu, wanasema, mdomo wangu haujui kuchoka. Leo umechoka, lakini utasoma.

Kabla ya yote kuna jambo. Jonalyn amelala mbele yenu katika gauni la harusi nililomshonea mimi. Mama yake mzazi, Mama Erlinda, alikubali azikwe nalo kwa sharti moja, liwe gauni ambalo binti yake hakuwahi kulivaa. Kwao, bibi harusi akijaribu gauni lake kabla ya siku yenyewe, harusi haitakuwepo. Wiki hii Mama ameniuliza mara tatu, "Alilivaa?" Mara tatu nimejibu hapana. Nilimdanganya. Leo nitasema ilivyokuwa, hapa hapa, kabla hatujamshusha. Binti yangu Shekinah ameyaandika maneno haya kwa Kiingereza, na Cherry Mae, mdogo wa marehemu, anamsomea mama yao kwa lugha yao, aya kwa aya. Kwa hiyo mkiona nimenyamaza, namngoja Cherry Mae. Jeneza halijafungwa, na halitafungwa mpaka nimalize.

Jonalyn alizaliwa Miagao, mkoa wa Iloilo, katika kisiwa cha Panay, Ufilipino. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Rodolfo Sumagaysay, seremala, na Erlinda Palmares, muuza samaki wakavu sokoni. Baba yake alifariki mwaka 2004. Mama Erlinda ametusimulia kwamba Jonalyn akiwa na miaka mitano alikuwa anakaa chini ya meza ya samaki na kuwapa wateja majina kwa kile wanachonunua. Kulikuwa na Mama Nusu Kilo, na Bwana Vichwa Tu. Siku moja padri wa parokia alikuja kununua akaitwa Padri Robo kwa sauti, mbele ya watu. Mama alitamani ardhi ipasuke. Padri, kwa bahati, alicheka, na tangu hapo akawa ananunua nusu.

Alisoma shule ya msingi Miagao kuanzia 1996 hadi 2002, na sekondari hapo hapo hadi 2006. Kisha alikwenda chuo katika mji wa Iloilo kujifunza mapishi ya hoteli na uokaji wa keki, akahitimu Aprili 2008. Cheti chake alikitundika kila nyumba aliyoishi, juu ya jiko, mahali penye mafuta. Nilimwambia kitaharibika. Aliniambia cheti cha mpishi lazima kinuke.

Baada ya chuo alifanya kazi katika duka la mikate, na mwaka 2011 alikwenda Hong Kong kuwa yaya. Waajiri wake walipohamishiwa Afrika Kusini alikuja nao. Alitua Johannesburg tarehe 22 Agosti 2015, baridi haijaisha, amevaa kandambili, kwa sababu alikuwa ameambiwa Afrika ni joto. Waajiri walipoondoka mwaka 2017 yeye alibaki. Alipata kazi katika jiko la mkahawa mmoja wa Newtown, akioka keki, na mwenye mkahawa alimshughulikia karatasi zake. Wenzake wa jikoni wapo hapa. Wanaweza kuwaambia alikuwa akiimba, na kwamba sauti hakuwa nayo kabisa.

Firmin alikuwa mlinzi wa geti kwenye jengo walilokaa waajiri wale, huko Killarney. Kila siku Jonalyn alipotoka na watoto na kurudi, Firmin alimwambia aandike jina kitabuni. Sheria inasema wageni ndio wanaoandika. Wakazi hawaandiki, na Firmin analijua hilo vizuri sana. Aliandikishwa miezi mitano. Mwezi wa sita alikuja getini na sahani ya wali na kuku aliyepikwa kwa siki na vitunguu saumu, akaiweka juu ya kitabu, akasema, "Leo jina langu ni hili. Kula." Firmin alirudi nyumbani akaniambia, "Dada, kuna msichana kazini." Nikamuuliza wa wapi. Akasema, "Wa siki." Nikajua kaka yenu amekwisha.

Alikuja kwangu mara ya kwanza Jumapili tarehe 12 Juni 2016. Majirani walitoka milangoni kuuliza huyo Mchina anauza nini. Mimi nami, niseme kweli, sikumfurahia. Nilitaka Firmin aoe msichana wa kwetu Kalemie, anayejua kusonga bukari, ugali wetu. Nilikuwa nimekaanga dagaa, dagaa wa ziwani kwetu tunaonunua soko la Yeoville. Yule binti alimshika dagaa mmoja mkiani, akamnusa, machozi yakamtoka palepale. Tukafikiri pilipili. Kumbe ni meza ya mama yake. Alikula sahani nzima, akala na bukari kwa adabu, halafu akaniinamia sikioni, "Manang, samahani, wali uko wapi?" Manang kwao ni dada mkubwa. Tangu siku hiyo hakuniita kingine, na mimi nikamwita wifi kabla Firmin hajasema lolote. Kiswahili alifundishwa na jiko langu, ndiyo maana kilikuwa na chumvi nyingi.

Jonalyn alipenda kusafiri, hata kama safari ni ya robo saa. Aprili 2017 alitupeleka Durban kwa basi, mimi, Firmin na Shekinah. Aliingia baharini na nguo zake zote, akakaa majini mpaka midomo ikawa ya bluu. Desemba 2018 alikwenda Cape Town na wenzake wa kazini, akatupigia simu kutoka juu ya mlima kutuambia kuna upepo. Kwao huwezi kurudi safarini mikono mitupu. Zawadi hiyo wanaiita pasalubong, na yeye aliichukulia kama amri ya Mungu. Siku moja alikwenda Pretoria kufuata karatasi, akarudi na ndizi. Nikamwambia, "Wifi, ndizi? Ndizi ziko spaza, duka la kona!" Akasema, "Hizi za Pretoria, Manang." Tukazila.

Firmin alimchumbia Krismasi ya 2018. Kwao familia ya mwanamume huenda na chakula nyumbani kwa mwanamke, wanakula pamoja, ndipo ombi linasemwa. Firmin ana karatasi za ukimbizi, hawezi kupanda ndege. Basi Jumapili tarehe 17 Februari 2019 tuliweka simu mezani ikiegemea chupa ya mafuta, Mama Erlinda akaweka ya kwake huko Miagao, nasi tukala tukitazamana, sisi na sombe, majani yetu ya muhogo, wao na tambi. Mama alimuuliza Firmin swali moja tu, kama anakula wali. Firmin akaapa. Halafu Mama akaniita mimi. Jonalyn, aliyemwita mama yake Nanay, akatafsiri, "Manang, Nanay anasema gauni ushone wewe, lakini mimi nisilivae kabla. Anataka umuahidi." Nilicheka. Halafu niliona Mama hacheki. Nikanyoosha mkono mbele ya simu nikasema, "Naahidi, Mama." Naomba Cherry Mae asome hapo mara mbili.

Mimi gauni la harusi hulijaribisha mara tatu. Mara ya kwanza kwa pini, ya pili kwa nyuzi za kushikiza, ya tatu kabla ya pindo. Miaka kumi na minne nina chumba cha kazi Joubert Park, na sijawahi kumtoa bibi harusi bila hayo. Kwa Jonalyn nilikubali Shekinah avae badala yake, maana Machi walikuwa na mwili mmoja. Shekinah akisimama juu ya kiti, Jonalyn alichungulia kupitia vidole kama anayetazama sinema ya kutisha, akisema, "Sioni, sioni, ongeza lesi mabegani." Ukutani alibandika karatasi ya mipango. Aliandika nani atawafunika shela, nani atawazungushia kamba mabegani kama wanavyofanya kwao, nani atawasha mishumaa. Aliandika chakula: sombe, dagaa, tambi, pilau, na keki ya ghorofa tatu atakayoioka mwenyewe. Nilimwambia hakuna bibi harusi anayeoka keki yake. Akasema hakuna mtu mwingine atakayeigusa, na kwamba siku hiyo ataamka mapema.

Sasa nafika mahali penyewe, na hapa nitasimama kidogo.

Nilikuwa nampima Jonalyn kwa futi kila nikipunguza kitu. Daftari langu liko hapa. Tarehe 9 Machi kiuno chake sentimita 67. Tarehe 15 Juni, 64. Tarehe 27 Julai, 61. Tarehe 24 Agosti, 58. Jamani, fundi ninayejiita fundi, nilikuwa na ugonjwa wake mkononi, nimeuandika kwa kalamu yangu mwenyewe, na sikuuona. Maharusi wote hujinyima kula ili wapendeze kwenye picha. Nilidhani naye ni hivyo. Nilimgombeza. Nilimwambia, "Wifi, acha mchezo wa kukonda, mimi siwezi kulifumua gauni kila wiki." Alisema, "Nakula, Manang." Sikumwamini. Kila nikilipunguza, halimwingii tena Shekinah, na kwa Jonalyn sijui linakaaje. Nikakasirika.

Jumamosi tarehe 31 Agosti nilimwambia, "Ama unalivaa leo, ama nalifumua lote na utaoa kwa sketi ya kazini." Ndiyo, nilisema "utaoa", kwa hasira. Alinikumbusha ahadi yangu kwa mama yake. Nikamjibu kwamba mama yake yuko mbali na mimi ndiye mwenye sindano. Maneno hayo ni yangu. Alinawa mikono, akaikausha vizuri, akalivaa.

Liliteleza mabegani. Mimi niko nyuma yake na pini mdomoni, zipu bado iko wazi, nikaona mgongo. Ulikuwa na alama za bluu kama mtu aliyepigwa. Nikatema pini zote. Nikamuuliza, "Nani kakufanyia hivi?" Akasema hajui, zinatoka zenyewe, tangu Julai, na anachoka, na hakutaka kumtia mtu wasiwasi karibu na harusi. Yeye akageuka kwenye kioo. Alijitazama muda mrefu sana. Akasema, "Manang, ni zuri. Kumbe ni zuri hivi." Akaniomba asilivue upesi. Alikaa nalo saa nzima, kwenye kiti cha wateja, akipokea simu za kazini akiwa bibi harusi. Alipolivua alinishika mkono. "Usimwambie Nanay. Atasema ni gauni." Nikamuahidi na yeye. Mnaona nilivyo mwepesi wa kuahidi.

Tulitaka kwenda hospitali Jumatatu. Mnaikumbuka wiki ile. Maduka ya wageni yalikuwa yanachomwa, barabara zimefungwa, sisi tumejifungia ndani Bertrams taa zimezimwa, tunasikia kelele kule Jeppe. Firmin alisema atamtoa kwa miguu. Nikamzuia mlangoni, nikamwambia watamuua yeye, halafu nani atamuoa huyu? Tulitoka Ijumaa tarehe 6 Septemba. Damu yake ilipimwa siku hiyo hiyo, na daktari akatuita sote ofisini. Saratani ya damu. Daktari alisema ilikuwa imeanza miezi mingi nyuma. Nilimuuliza, "Kabla ya tarehe 31 Agosti?" Akanishangaa. Akasema, "Kabla sana, Mama." Nimelishika jibu hilo kila siku, na bado halinitoshi.

Jonalyn alilazwa wiki nne na siku chache. Wodini aliwafundisha wauguzi kusalimia kwa lugha ya kwao, na aliwauliza chakula kile kimepikwa na adui gani. Tarehe 2 Oktoba alimwambia Firmin azikwe hapa Johannesburg. Alisema, "Nikipelekwa nyumbani hutaweza kufika. Nikiwa hapa unakuja hata kwa teksi." Kisha alimpigia mama yake, akamwambia mwenyewe. Alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba saa nane mchana, Firmin amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Mama Erlinda na Cherry Mae walifika Jumatatu, tarehe 14. Mama alikuwa na haki ya kumchukua mwanawe. Hakumchukua. Alisema alichotaka binti yake kifanyike, lakini asizikwe kama msichana wa kazi, azikwe kama bibi harusi, katika gauni safi. Ndipo akaniuliza, "Alilivaa?" Nikasema hapana, alilijaribu Shekinah. Jumanne aliniuliza tena, na Jumatano. Alisema kama alilivaa, basi ni gauni lililomzuia, na hatakubali liende naye kaburini. Alhamisi asubuhi alinikuta jikoni. Akaishika mikono yangu hii, akaibusu, akasema kupitia Cherry Mae, "Asante. Wewe uliniwekea neno langu." Hapo nilishindwa. Afadhali angenitukana.

Nilimwambia Firmin siku hiyo. Alikaa kitandani, akasema, "Dada, mama wa watu amevuka bahari. Mwache." Shekinah naye aliposoma karatasi hizi alisema, "Eish, Mama, na hii kweli tunaichapisha?" Nimewasikia. Jonalyn naye aliniomba ninyamaze, na leo namvunjia ahadi mbele yake mwenyewe. Anisamehe. Lakini siwezi kumwacha mama amzike mwanawe juu ya uongo wangu, halafu aje kuujua siku nyingine akiwa Miagao, peke yake, mbali na kaburi.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Erlinda Palmares Sumagaysay. Mdogo wake, Cherry Mae, na mume wa Cherry Mae aliyebaki nyumbani. Firmin Kisimba, ambaye kwetu sisi ni mume wake, asiyependa na aandike vyake. Mimi wifi yake. Shekinah, aliyempenda kuliko anavyonipenda mimi. Na wenzake wote wa Newtown. Ameacha pia majirani wa Bertrams, ambao siku hizi wanajua kwamba si Mchina.

Mama Erlinda, sasa ni mimi na wewe.

Alilivaa. Saa moja, tarehe 31 Agosti, kwa sababu nilimlazimisha. Harusi haikuwepo. Daktari anasema ni damu, wewe unaweza kusema ni gauni, na mimi sitabishana nawe hata kidogo. Katika mfuko huu hapa miguuni pangu kuna gauni jingine jeupe. Kitambaa nilikikata Alhamisi ile ile baada ya kubusiwa mikono, nikamaliza Ijumaa mchana. Nimetumia kipimo cha mwisho kilichomo kwenye daftari. Halijavaliwa na mtu yeyote duniani. Lile alilolala nalo alilivaa, akajiona kwenye kioo, akafurahi, na mimi nilikuwepo, nimemwona kwa macho yangu akifurahi. Yote mawili ni ya kwako.

Ukisema abadilishwe, wanaume watageuka nyuma, mimi na Cherry Mae tutashika vitenge, na tutambadilisha sasa hivi. Ukisema abaki alivyo, atabaki alivyo. Ukisema mikono yangu isimguse tena, nitakaa pembeni na Shekinah atafanya. Hakuna anayeharakisha. Waliokuja na majembe nimewaomba wakae, na wamekaa.

Tunakungoja, Mama. Ukishasema, ndipo Jonalyn wetu apumzike kwa amani.